Klabu yenu igeuzwe shirika la hisani? Mwongozo kamili kwa klabu na vikundi vya Mbeya na Nyanda za Juu Kusini

Kila Jumamosi alfajiri klabu yetu hukimbia mbio za pole kutoka Uyole kuelekea Igawilo na kurudi. Tulianza watu 14, wengi walimu na wafanyabiashara wa Mwanjelwa. Sasa tuko 63. Mwenzetu akifiwa tunachanga, akijifungua tunakwenda kumwona, na mara mbili kwa mwaka tunabeba mchele, sabuni na nguo kwenda kuwaona watoto wanaolelewa kituoni na akina mama wodini. Kila tukitoka huko kuna mtu husema: "Jamani, kwa nini tusijisajili NGO tukapata wafadhili?"

Nilikuwa katibu wakati hoja hiyo ya kuwa NGO, yaani shirika lisilo la kiserikali, ilipoletwa rasmi mezani. Ilituchukua karibu mwaka mzima kuijibu, na katikati ya mwaka huo tulikaribia kugombana vibaya. Naandika ili klabu nyingine, iwe ya Tukuyu, Mafinga, Makambako au Kihesa pale Iringa, isipoteze muda na urafiki kama tulivyokaribia kuupoteza sisi.

Anzeni na daftari la mweka hazina

Msianze na katiba wala na ofisi ya serikali. Chukueni daftari la mweka hazina, rudini nyuma miezi 12, mchore mstari katikati ya karatasi tupu. Upande wa kushoto andikeni kila shilingi iliyorudi kwa mwanachama: rambirambi, fulana, chai ya baada ya mbio, nauli ya kwenda msibani Kyela, zawadi za harusi. Upande wa kulia andikeni iliyokwenda kwa mtu asiye mwanachama na asiye ndugu wa mwanachama.

Sisi tulifanya kazi hiyo usiku mbili, sebuleni kwa mweka hazina, jiko la mkaa likiwa katikati yetu maana ulikuwa mwezi wa saba. Lilikuwa daftari la kaunta lenye jalada gumu, na kurasa za msiba zilikuwa zimechakaa kuliko nyingine zote kwa kufunguliwa mara nyingi. Ada za mwezi zilikuwa zimeingia 3,120,000. Michango ya misiba mitano, 2,870,000. Fulana, 1,134,000. Misaada kwa watoto na wodini, 1,460,000. Jumla 8,584,000. Mweka hazina akapiga hesabu kwenye simu, akanyamaza, akairudia. Katika kila shilingi 100 tulizokusanya, 17 tu ndizo zilizotoka nje ya klabu. Sisi tuliokuwa tukijiita watu wa hisani, 83 tulizirudisha kwetu wenyewe.

Hakuna aibu yoyote katika hilo. Kuzikana ni kazi kubwa, na klabu inayomzika mtu wake kwa heshima inafanya jambo la maana. Ila hesabu ile ndiyo itakayowaambia ninyi ni akina nani kabla hamjamwendea msajili. Ikiwa upande wa kulia hauzidi robo, nashauri msigeuze klabu. Someni kwanza sehemu ya njia tatu hapo chini.

Jueni karatasi mliyo nayo sasa

Nilishangaa kuona viongozi wenzangu wawili hawajui klabu yetu imesajiliwa wapi. Mmoja alidhani "mjini", mwingine alidhani hatujasajiliwa kabisa. Tafuteni cheti, kisomeni.

Kama cheti kimetoka halmashauri kupitia Idara ya Maendeleo ya Jamii, ninyi ni kikundi cha kijamii. Kama kimetoka kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, ninyi ni jumuiya chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337. Klabu za michezo zina njia yake: Baraza la Michezo la Taifa, lililoanzishwa kwa sheria ya 1967, na mlango wa kuingilia ni Afisa Michezo wa wilaya. Wenye VICOBA, wanaoweka na kukopeshana, wanaguswa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, inayoviweka vikundi vya kijamii katika daraja la nne. Kukopeshana kwenu msikuchukulie kama jambo la pembeni.

Kuna kundi moja ninalotaka kulizuia mapema. Kama shida yenu ni mtaji, yaani mnataka ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayogawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, NGO siyo mlango wake. Mikopo ile kwa kawaida hutolewa kwa vikundi. Ukikivunja kikundi ili uwe shirika, umejifungia mlango uliokuwa unaugonga.

Sheria inauliza swali moja: kwa manufaa ya nani?

Hapa ndipo penye kiini. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 3, ikatenganisha mambo yaliyokuwa yamechanganyika kwa miaka mingi. Jumuiya ni watu kumi au zaidi waliokusanyika kwa manufaa au ustawi wa wanachama wao: kitaaluma, kijamii, kiutamaduni, kidini au kiuchumi. NGO, iliyo chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Na. 24 ya 2002, ni kundi la hiari linalofanya kazi kwa manufaa ya jamii au umma, na lisilogawana faida.

Someni tena maneno mawili: *wanachama wao*, na *umma*. Klabu ya kijamii na klabu ya michezo, kama zilivyo, sheria ya NGO haizihesabu kuwa NGO. Kwa hiyo mtu akiwaambia "geuzeni tu klabu, ni suala la fomu", mwambieni polepole kwamba siyo fomu. Ni kubadili mwenye mali. Mfuko uliokuwa wenu unakuwa wa watu wengine, na ninyi mnabaki watunzaji wake.

Kuna neno jingine linalopotoshwa sana: kutogawana faida. Halina maana kwamba shirika halipati ziada au halilipi mshahara. NGO inaweza kuajiri mhasibu, ikauza fulana, ikafunga mwaka na fedha benki. Isichoweza ni kuichukua ziada ile na kuwagawia wanachama mwezi wa kumi na mbili, kama vikundi vyetu vinavyovunja kibubu kabla ya Krismasi.

Mtapata nini, mtapoteza nini

Mtapata uso mbele ya wafadhili, hilo ni kweli. Mashirika mengi yanayotoa ruzuku hayawezi kumpa fedha mtu asiye na cheti cha NGO. Na mtapata utu wa kisheria: NGO iliyosajiliwa inaweza kwa jina lake kumiliki mali, kuingia mikataba, kushtaki na kushtakiwa. Jumuiya haina uwezo huo yenyewe. Inalazimika kuwa na wadhamini, watu wanaoishika mali kwa niaba yake, waliosajiliwa RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini) chini ya Sura ya 318 ya sheria za nchi.

Hili la mali lilituuma, nitalieleza. Kabla sijawa katibu, klabu ilinunua kiwanja. Kwa kuwa haikuwa na wadhamini, mkataba wa mauziano uliandikwa jina la mwenyekiti, mtu mwaminifu ambaye hakuna aliyemtilia shaka. Akafariki. Watoto wake, kwa nia njema kabisa, wakakihesabu kiwanja katika mirathi ya baba yao. Tulikaa nao vikao vya familia, tukapeleka muhtasari wa zamani wenye sahihi yake mwenyewe, na ilichukua miaka miwili kulimaliza. Tulimaliza kwa amani, lakini wapo tuliosalimiana nao kwa baridi muda mrefu. Nilichojifunza ni kwamba dawa ya tatizo lile haikuwa lazima iwe NGO. Wadhamini wa RITA wangetosha. Kama kiwanja ndicho kinachowasukuma kutaka "kubadilika", mnatafuta panga la kukatia uzi.

Sasa upande wa kupoteza. Mtapoteza haki ya kuutumia mfuko kwa misiba yenu. Mtapoteza wepesi: kila mwaka Msajili wa NGO anadai taarifa ya kazi na hesabu zilizokaguliwa, na mkaguzi analipwa. Chini ya kanuni za 2018, fedha zinazozidi milioni 20 zinaambatana na wajibu wa kuwasilisha mikataba na kuutangazia umma mapato na matumizi. Na cheti cha NGO kina uhai wa miaka 10, kisha kinahuishwa.

Kodi, mahali pa uongo mwingi

Nimesikia kwa masikio yangu, kwenye semina, mtu akisema "NGO hailipi kodi". Aliyesema aliamini. Naomba msijenge uamuzi wenu juu ya sentensi hiyo.

Cheti cha NGO na hadhi ya hisani kikodi ni vitu viwili, vinatoka ofisi mbili. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, kifungu cha 64, inaitambua taasisi ya hisani kuwa ile yenye sura ya umma, iliyoanzishwa na inayofanya kazi kwa ajili ya kuondoa umaskini au dhiki ya wananchi, kuendeleza elimu, au kutoa kwa umma huduma kama afya, maji na barabara. Tena lazima Kamishna wa TRA, Mamlaka ya Mapato, awe ametoa uamuzi wa maandishi kwamba ninyi ni taasisi hiyo. Orodha ile ni fupi kuliko malengo ambayo sheria ya NGO inayakubali. Michezo kwa ajili ya michezo haimo.

Hata mkipewa uamuzi huo, hamjatoka kwenye kodi moja kwa moja. Shughuli yenu ya hisani inahesabiwa kama biashara: misaada mnayopokea inaingia kwenye mapato, kisha mnaondoa mlichotumia kwa lengo lenu, na juu yake mnaondoa asilimia 25 ya mapato. Kinachobaki, kama kipo, kinatozwa kama cha taasisi nyingine, asilimia 30. Shirika linalotumia fedha zake kwa kazi yake halitabaki na kitu kikubwa cha kutozwa. Linalolimbikiza bila mpango litashangaa.

Na zipo kodi ambazo hazijali ninyi ni wema kiasi gani. Mkiajiri, mtakata kodi ya mshahara na kuipeleka. Mkipanga ofisi, mtamkatia mwenye nyumba asilimia 10 ya pango kama kodi ya zuio na kumpa hati yake. Mzungumze naye kabla ya kusaini, maana wenye nyumba wengi hulisikia jambo hili kwa mara ya kwanza kutoka kwa mpangaji, na halipokelewi vizuri.

Faida moja halisi: mfanyabiashara anayechangia taasisi ya hisani iliyotambuliwa anaruhusiwa kuupunguza mchango huo kwenye mapato yake ya biashara, kwa ukomo wa asilimia 2. Mwenye kampuni ya mbao Mafinga au mnunuzi mkubwa wa parachichi Rungwe anaweza kulijali hilo. Muuza mitumba wa Mwanjelwa hatalijali, naye ndiye mchangiaji wenu mkubwa.

Njia tatu, na ninayoipendelea

Ya kwanza ni kubaki klabu na kuitengeneza vizuri: katiba isafishwe, wadhamini wasajiliwe, daftari liwe na ukurasa wa misaada peke yake. Kwa klabu nyingi ninazozijua Mbeya, hii inatosha, na nasema hivyo nikijua wengi hawataki kulisikia.

Ya pili ni kuanzisha shirika pembeni ya klabu. Klabu inabaki ya wanachama, inazika na kuchezesha. Shirika linazaliwa na malengo yake, bodi yake, akaunti yake. Sisi tulichagua hii. Ni kazi mara mbili, lakini kila mfuko unajulikana ni wa nani.

Ya tatu ni kuvunja klabu na kuhamishia kila kitu kwenye shirika. Ifanyeni tu ikiwa daftari linaonyesha kwamba karibu fedha zote tayari zinakwenda nje, na ikiwa wanachama hawana madai ya kusaidiana. Kikundi cha walimu wastaafu kinachoendesha chumba cha kusomea watoto wa mtaa, kwa mfano, kinaweza kuhama bila mtu kuumia.

Mkutano mkuu

Msiipeleke hoja kwenye chai ya baada ya mbio. Tangazeni mkutano kwa muda ambao katiba inataka, kwa maandishi, na ajenda itajwe wazi. Ujumbe wa kundi la WhatsApp ni ukumbusho mzuri, ila barua ya mwaliko ibaki faili. Angalieni akidi, na kiwango cha kura za kubadili katiba. Katiba nyingi zinataka theluthi mbili.

Mkutano wetu ulifanyika kwenye darasa la shule ya msingi, mvua ikipiga bati hadi msemaji alilazimika kusimama mara mbili asubiri. Nilikuwa nimeandaa maelezo ya kurasa sita. Mzee mmoja, mwanachama tangu mwanzo, aliinua mkono kabla sijamaliza ukurasa wa pili.

"Katibu, samahani. Nikifa leo, hiyo NGO itanizika?"

Nikamjibu, "Hapana, mzee. Haitaruhusiwa."

"Na hela nilizochanga miaka tisa kwa ajili ya siku hiyo?"

Sikuwa na jibu. Kurasa zangu sita hazikuwa na sentensi hata moja kuhusu michango ya watu wazima ambao walikuwa wametoa zaidi kuliko walivyopokea. Mama mmoja wa Ilomba akasema, "Basi mzee amemaliza. Hela za kuzikana zikae, hela za watoto zitafutiwe nyumba yake." Njia ya pili ilizaliwa hapo, mvua ikiendelea.

Kwa hiyo nawasihi: kabla ya mkutano, wekeni kwenye karatasi hatima ya kila mfuko. Rambirambi zinabaki wapi? Mkopo ambao mwanachama hajaurejesha unadaiwa na nani? Mwanachama asiyetaka kuingia kwenye shirika anabaki na haki gani? Wapeni wazee nafasi ya kwanza kuuliza. Na muhtasari uandikwe palepale, usomwe, usainiwe, majina kamili.

Kusajili shirika

Mtaanzia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri yenu, ambaye kwa upande wa NGO ni mtu wa Msajili katika wilaya. Mwendeeni mapema, na rasimu ya katiba mkononi. Maombi yenyewe hufanywa kwenye mfumo wa mtandaoni wa wizara inayosimamia maendeleo ya jamii, na mtachagua ngazi: wilaya, mkoa au taifa. Chagueni ngazi ya kazi mnayoifanya kweli. Tamaa ya kuandika "taifa" huku mnahudumia kata mbili inaongeza maswali tu.

Mtahitaji katiba ya shirika, muhtasari wa kikao cha waanzilishi wenye majina na sahihi zao, wasifu wa viongozi, na barua ya utambulisho. Katika katiba, pigeni msasa vifungu vitatu. Malengo yaandikwe kwa umma na yawe machache. Kama mnataka baadaye hadhi ya hisani TRA, yaandikwe yakilenga umaskini, elimu au afya, maana maneno ya mwanzo ndiyo yatakayosomwa. Kifungu cha pili kikataze kugawana mapato. Cha tatu kiseme shirika likivunjwa mali inakwenda kwa shirika jingine lenye lengo kama hilo, wala hairudi kwa waanzilishi. Kwa jirani yetu mmoja kifungu hiki kiliandikwa "mali itagawiwa wanachama", wakanakili kutoka katiba ya kikundi chao. Maombi yalirudishwa.

Msinunue katiba ya kunakili kwenye duka la steshenari. Najua ipo, najua bei yake ni ndogo.

Mwaka wa kwanza, mifuko miwili

Mkishapata cheti: TIN (namba ya mlipakodi) ya shirika, akaunti ya benki yenye watia sahihi angalau watatu, kisha maombi ya hadhi ya hisani TRA kama inawahusu. Hati za mali inayohamia ziandikwe kwa jina la shirika kamili kama lilivyo kwenye cheti, herufi kwa herufi.

Bodi isiwe kamati ya klabu iliyobadilishiwa jina. Sisi tulikubaliana kwamba wajumbe wa klabu wasizidi nusu, tukamwomba muuguzi mstaafu na mzazi mmoja kutoka mtaa wa jirani waingie. Wao ndio wanaouliza maswali ambayo sisi kwa kuzoeana hatuyaulizi.

Mweka hazina wa klabu sasa ana daftari la kaunta la bluu, na wa shirika ana jekundu, na hawaruhusiwi kuwa mtu mmoja. Mwezi wa tatu msiba ulitokea, na fedha za klabu hazikutosha jeneza. Mtu akapendekeza tuazime kidogo kwenye akaunti ya shirika, tutarudisha Jumamosi. Mwenye daftari jekundu alikataa, dada mpole ambaye siku zote huongea kwa sauti ya chini. Tulipitisha kofia hapohapo msibani, ikapatikana 212,000, na jeneza likalipwa kabla ya saa nane.